Muulize Fundi: Oili ya giaboksi ya otomatiki ibadilishwe lini, na vipi?

Mwezi uliopita nilijibu swali la dereva ambaye lori lake la gia otomatiki liligoma mlimani likiwa na mzigo. Giaboksi ilipofunguliwa, oili ilitoka nyeusi tii, na hakuna aliyekumbuka ilibadilishwa lini. Tangu hapo barua zenu zimemiminika, karibu zote juu ya oili hiyo. Nimechagua sita. Nimezifupisha, lakini maswali nimeyaacha yalivyo.

"Kitabu kinasema oili ni ya maisha"

*Shikamoo fundi. Nina pikapu ya otomatiki niliyoinunua mkononi mwa mtu, imetembea kilomita 140,000. Kazi yake ni kubeba matofali na kokoto. Kitabu chake kinasema oili ya giaboksi ni ya maisha. Fundi wangu naye ananiambia nisiiguse, eti giaboksi kuukuu ukiibadilishia oili inakufa. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Ibadilishe. Nitakueleza sababu, kisha nitakueleza hofu ya fundi wako imetoka wapi, maana hakuitunga.

Kitabu kinaposema oili ni ya maisha, kinazungumzia gari la matumizi ya kawaida. Usiishie kwenye mstari huo. Geuza kurasa mpaka uifikie ratiba ya matumizi magumu: kubeba mzigo mzito, kuvuta trela, vumbi, milima, kukaa kwenye foleni wakati wa joto kali. Vitabu vingi vya pikapu na malori vina ratiba hiyo, na mara nyingi oili ileile iliyoitwa ya maisha utaikuta pale imewekewa kilomita zake. Matofali na kokoto ni matumizi magumu, hakuna ubishi.

Kinachoiua oili ya otomatiki ni joto. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, dubwana la duara lililojaa oili. Ndani yake ni kama kuna feni mbili zinazotazamana. Ya kwanza inazungushwa na injini, inairusha oili, oili inaisukuma ya pili, na ya pili ndiyo inayopeleka nguvu kwenye gia. Ukiondoka na mzigo kwenye mwinuko, feni ya injini inakwenda mbio huku ya pili ikijikongoja. Tofauti ya mwendo wao inageuka joto, na joto hilo linabebwa na oili. Gari likishashika mwendo, klachi iliyomo ndani ya konveta inazifunga feni zote mbili zizunguke pamoja, na joto linashuka. Kwa hiyo gari mbili zenye kilomita sawa kwenye dashibodi zinaweza kuwa na oili zenye umri tofauti kabisa. Moja imetembea barabara tambarare bila mzigo, nyingine imepanda na kokoto kila siku.

Mafundi tuna kanuni ya kukadiria. Oili inayofanya kazi kwenye nyuzijoto 80 hivi inaweza kufika kilomita 160,000. Kila joto linapopanda nyuzi 11 juu ya hapo, umri wake unakatika nusu: kwenye nyuzi 91 unabaki na 80,000, kwenye 102 unabaki na 40,000. Kanuni hii ilitokana na oili za zamani, na oili za sintetiki za leo zinavumilia zaidi, lakini mwelekeo haujabadilika. Mimi gari la mzigo kama lako nalibadilishia kila kilomita 50,000. Gari la kutembelea tu naliacha lifike kilomita 100,000. Kitabu kikitaja pungufu ya hapo, kitabu ndicho kinachofuatwa.

Sasa hofu ya fundi wako. Ndani ya giaboksi kuna sahani za klachi zilizovishwa utando unaofanana na karatasi ngumu. Utando huo unalika taratibu na vumbi lake linaelea ndani ya oili. Mwenye gari asiyebadilisha oili anaendesha mpaka gia zinaanza kuteleza, ndipo anakimbilia gereji kubadilisha. Oili mpya inaingia, wiki ya pili giaboksi inakufa, na lawama inabebwa na oili mpya. Lakini sahani zilikuwa zimekwisha kabla hajafika. Na lipo jambo la pili, la kweli kabisa: mashine ya kusafisha kwa presha inaweza kung'oa uchafu uliokuwa umetulia na kuusukuma kwenye vijitundu vya valvu. Gari lisilojulikana historia yake mimi silifungi kwenye mashine hiyo.

Kabla ya kufungua chochote, fanya haya. Injini ikiwa ya moto na mguu uko kwenye breki, toa gia N (huru) uingize D (ya mbele), kisha R (ya nyuma). Gia iingie ndani ya sekunde moja au mbili, bila kishindo. Halafu endesha na mzigo kiasi, usikilize kama injini inapandisha mlio bila gari kuongeza mwendo, maana huko ndiko kuteleza. Mwisho chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, udondoshee tone kwenye karatasi nyeupe ya chooni na uliache dakika chache. Tone likitambaa na kuacha doa jekundu au la kahawia lililo sawa, oili ina uhai. Likibaki na kiini cheusi katikati, chenye chembechembe, na harufu yake ikikukumbusha breki zilizoungua, oili imeshaungua.

Gia zikiingia vizuri, badilisha bila woga kwa kumwaga na kujaza, halafu urudie baada ya kilomita elfu chache. Zikiwa zinateleza na oili inanuka kuungua, usitegemee oili mpya ikuokoe. Shusha sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, utazame kilichomo, maana hapo unaongelea kufungua giaboksi.

"Nieleze kama vile nimelala nawe chini ya gari"

*Fundi, mimi ni dereva na vifaa ninavyo. Oili ya injini nabadilisha mwenyewe miaka yote. Nataka na hii ya giaboksi niibadilishe mwenyewe. Nieleze kama vile nimelala nawe chini ya gari.*

Twende, kaka. Kazi hii si ngumu, lakini inahitaji utulivu kuliko ya injini.

Endesha gari dakika 15 hivi, oili ipate uvuguvugu itoke na uchafu wake. Usiifungue mara tu baada ya safari ndefu, maana oili ya nyuzi 90 inakuchuna ngozi ya mkono. Liweke gari mahali tambarare, vuta handbreki, pigilia kabari kwenye matairi. Ukilinyanyua, lilaze juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Na likae sawa mbele na nyuma, la sivyo vipimo vyote vya baadaye vitakudanganya.

Sasa nisikilize hapa kuliko mahali pengine pote. *Kabla hujagusa nati ya chini ya kumwagia, fungua kwanza pale pa kujazia.* Kama kuna dipstiki, ichomoe. Kama hakuna, fungua nati ya kujazia kwa mkono wako uone inazunguka. Nilikuwa na miaka miwili tu kwenye ufundi nilipoachiwa lori la mteja nilibadilishie oili. Nikafungua ya chini, oili yote ikashuka kwenye beseni. Ya kujazia ilikuwa imeganda kwa kutu. Nilipoilazimisha pembe zake zikalika, spana ikawa inazunguka bure. Lori halina oili na halina pa kuitilia. Lilikaa juu ya stendi siku tatu, na mwenye nalo alikuja kila asubuhi, anasimama mlangoni bila kusema neno. Lile lori ndilo lililokuwa linamlisha. Tangu siku ile sijafungua nati ya chini kabla ya kuishika ya juu ikiwa imelegea mkononi mwangu.

Tega beseni, fungua ya chini. Magari mengine hayana nati ya kumwagia, unalegeza bolti za sampu. Legeza zote, ondoa za upande mmoja, uache mbili upande wa pili ziwe kama bawaba. Sampu itainama pole pole na oili itamwagikia kona unayoitaka. Ukiziondoa zote kwa pamoja utaoga.

Oili iliyotoka usiimwage. Ipime. Imimine kwenye madumu yenye alama za lita, uandike: imetoka lita 5 na robo, tuseme. Hicho ndicho kiasi utakachorudisha mwanzo. Kama oili ilikuwa imepungua kwa kuvuja, kipimo cha mwisho kitakuonyesha pa kuongeza.

Shusha sampu uilete kwenye mwanga. Pembeni utaona sumaku moja au mbili, zimejaa ute wa kijivu kama wanja uliochanganywa na mafuta. Usishtuke, huo ni usagaji wa kawaida wa chuma wa kilomita nyingi. Usugue katikati ya vidole viwili. Ukiwa laini, futa sumaku, ioshe, irudishe mahali pake. Ukihisi vipande vinavyokwaruza, au ukaona chembe za njano zinazong'aa ambazo sumaku haizishiki, hizo zinatoka kwenye bushi za shaba. Na vipande vyeusi vinavyofanana na karatasi ni utando wa klachi. Ukivikuta vingi, simama hapo na umwite mtu anayefungua giaboksi. Mimi nina desturi ya kuipiga picha sampu kabla ya kuiosha, ili mabadilisho yajayo niwe na cha kulinganishia.

Filta ndiyo hatua inayowaangusha hata mafundi. Ukiichomoa ya zamani, tazama shingo yake: oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, imetoka nayo, au imebaki juu ndani ya tundu? Mara nyingi inabaki. Ukiingiza filta mpya yenye oringi yake juu ya ile kuukuu, haitakaa sawa, pampu itavuta hewa badala ya oili, na gari litakataa kutembea ilhali kila kitu ni kipya. Ingiza kidole upapase. Ikiwemo, itoe kwa kitu kisichokwaruza chuma.

Safisha nyuso mbili zinazokutana mpaka zikauke kabisa. Kama gari lako linatumia gasketi, weka gasketi peke yake bila kupaka silikoni. Silikoni inayofinyikia ndani inakatika, inaogelea, na inaziba. Zipo giaboksi zilizotengenezwa bila gasketi, ambazo silikoni ndiyo yenyewe. Hizo paka uzi mwembamba kama kitabu kinavyoelekeza, na uupe muda wa kukauka. Bolti za sampu ni ndogo na zinaingia kwenye aluminiamu. Nyingi zinataka nguvu ya nyutonimita 10 tu au zaidi kidogo, kwa hiyo spana ya torki ni bora kuliko msuli. Kaza kwa kupishana, kona hii kisha ya mkabala, mzunguko wa kwanza kidogo na wa pili kwa kipimo chake. Sampu inayovuja baada ya kubadilishwa oili, mara nyingi aliyeikaza alizidisha nguvu mpaka ikapinda.

Jaza kiasi ulichopima. Washa injini, kanyaga breki barabara, pitisha gia P (ya kuegesha), R, N, D na kurudi, kila mahali ukae sekunde chache ili oili ienee. Sasa kagua kimo chake.

Kwa magari mengi yenye dipstiki, oili ya giaboksi inapimwa injini ikiwa inanguruma, gari likiwa la moto, gia ikiwa P. Ukizima injini, oili iliyoko juu inateremka kwenye sampu na dipstiki itakuonyesha imejaa kupita kiasi. Yapo machache yanayopimwa kwenye N, na mengine injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo soma maandishi kwenye dipstiki yenyewe au kitabu. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, chovya, chomoa, soma upande wa alama ya moto. Rudia mara tatu.

Lisilo na dipstiki lina nati ya kipimo chini ya sampu. Injini inanguruma, joto la oili limefika mahali palipotajwa kwenye kitabu, unalisoma kwa mashine ya kompyuta. Unafungua nati. Ikitoka kama kamba, ilizidi, iache ishuke. Isipotoka, ongeza kwa juu. Ikifika kudondoka tone kwa tone, funga. Usipime gari la baridi, maana oili ikipata moto inavimba, na ile uliyoona imetimia itakuwa imezidi.

Oili iliyozidi ina madhara kama iliyopungua. Gia zinazozunguka zinaipiga mpaka inatoa povu, na povu halina presha ya kufunga klachi. Usijisemeze kwamba kuzidi kidogo ni salama.

Zunguka nalo nusu saa, rudi, lala chini na tochi utazame ukingo wa sampu, upime tena. Baadhi ya magari ya karibuni yanataka kompyuta ya giaboksi ifundishwe upya baada ya oili kubadilishwa. Gia zikianza kuingia kwa kigugumizi siku za kwanza, anzia hapo. Oili chafu irudishe kwenye madumu, ifikishe kwa wanaokusanya oili chafu. Isiende kwenye mtaro wala kwenye udongo.

"Kitabu kinasema lita 12, fundi katia 5"

*Fundi, mimi si dereva wala fundi, nina lori dogo la kusambaza bidhaa na nimemwajiri kijana analiendesha. Juzi fundi kabadilisha oili ya giaboksi, kanunua lita 5. Nimesoma kitabu cha lori, giaboksi inachukua lita 12. Nimeibiwa?*

Hapana dada yangu, hujaibiwa, na umefanya vyema kusoma. Ukifungua sampu, inatoka oili ya kwenye sampu peke yake. Iliyomo ndani ya konveta, kwenye mabomba na kwenye kipoza oili haitoki. Kwa hesabu yako, lita 7 kuukuu zimebaki na 5 mpya zimeongezwa juu yake. Oili kuukuu bado ni asilimia 58. Ukirudia mara ya pili kwa lita 5, inashuka hadi asilimia 34. Mara ya tatu, 20. Kwa hiyo mwambie arudie baada ya kilomita elfu chache, na tena mara ya tatu. Filta haina haja ya kubadilishwa kila mara kati ya hizo tatu.

Ipo njia ya kuitoa karibu yote kwa siku moja: kulegeza bomba linalorudi kutoka kwenye kipoza na kuiacha pampu ya giaboksi yenyewe isukume ya zamani nje huku mpya ikiongezwa lita kwa lita. Inataka watu wawili wanaosikilizana, na injini izimwe papo hapo mmoja akisema basi. Asiyeizoea asijifunzie kwenye lori lako.

"Nyekundu si nyekundu tu?"

*Oili zote za otomatiki ni nyekundu. Dukani wananiambia hii inaingia gari lolote. Kuna ubaya gani?*

Rangi ni rangi ya kutiwa, ili ukiona tone chini ya gari ujue si oili ya injini. Haisemi kilichomo. Kilichomo kinaamua klachi zishike haraka au taratibu, na kila mtengenezaji alipanga giaboksi yake kwa mshiko wa oili yake.

Niwape kisa kimoja cha kweli. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, oili za otomatiki huko Marekani zilikuwa na mafuta ya nyangumi ndani yake, kwa sababu yaliupa mshiko wa klachi ulaini ambao mafuta mengine hayakuuweza. Nyangumi walipowekwa chini ya ulinzi wa sheria, yakaondolewa, na wakemia wakalazimika kutafuta mbadala. Yaani kiungo kimoja kikibadilika, kampuni nzima zinahangaika. Wewe unataka ubadilishe chupa nzima kwa sababu zinafanana rangi?

Tafuta jina lililoandikwa kwenye dipstiki au kitabu. General Motors wana Dexron, Ford wana Mercon, Chrysler wana ATF+4, Toyota wana T-IV na WS. Majina yanayokaribiana si kitu kimoja: WS ni nyepesi kuliko T-IV na Toyota hawaruhusu kuichukulia kama mbadala wake, na Mercon LV haiingii kwenye giaboksi iliyotengenezewa Mercon V. Oili ya CVT, giaboksi inayotumia mkanda badala ya gia za meno, nayo ni kitu kingine kabisa. Hapo kosa la mara moja linatosha kuharibu mkanda. Chupa iliyoandikwa inafaa kila gari, ifuatilie mpaka nyuma uone kama imeorodhesha jina la oili yako. Kama halimo, iache dukani. Na vichupa vya dawa ya kuzuia kuteleza sijawahi kuviweka kwenye giaboksi ninayoijali.

"Lori langu halina klachi, natia oili gani?"

*Nimehamishiwa lori kubwa la kuvuta trela, halina pedali ya klachi. Bosi kaniagiza oili nyekundu ya otomatiki. Nimeona nikuulize kwanza.*

Umeniuliza kwa wakati. Kukosekana kwa pedali hakulifanyi lori kuwa la otomatiki. Malori mengi makubwa ya leo, kama yenye I-Shift ya Volvo iliyotoka mwaka 2001, Opticruise ya Scania au PowerShift ya Mercedes-Benz, ni giaboksi za mkono ambazo klachi inakanyagwa na kompyuta badala ya mguu wako. Hakuna konveta ndani. Zinatumia oili ya gia, nyingi ya unene wa 75W-80 au 75W-90 ya sintetiki, na muda wake ni mrefu zaidi. Ukiitia nyepesi ya otomatiki kwenye giaboksi iliyotengenezewa oili nzito, utando unaotenganisha meno ya gia unakatika chini ya mzigo.

Yapo malori makubwa yenye otomatiki halisi, hasa ya kuzoa taka na ya zimamoto. Mengi yamefungwa Allison, ambayo oili yake inaandikwa TES na namba, mfano TES 295 au TES 668. Usikisie kwa kutazama kishikio cha gia. Ingia chini, futa matope kwenye kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa giaboksi, usome jina na namba, ndipo uende dukani. Bosi mpelekee picha ya kibati hicho.

"Oili imekuwa kama maziwa ya rangi ya waridi"

*Fundi tafadhali nijibu haraka. Leo nimechomoa dipstiki ya giaboksi, oili imekuwa nzito ya waridi, kama maziwa yaliyotiwa rangi. Kwenye rejeta juu kuna mafuta yanaelea. Gari bado linatembea vizuri.*

Nimekujibu kwa barua siku ileile, na narudia hapa kwa ajili ya wengine. Zima, usiliwashe tena.

Kwenye magari mengi oili ya giaboksi inapozwa kwa kupitishwa kwenye bomba lililomo ndani ya rejeta, limezungukwa na maji. Bomba likitoboka kwa kutu, oili inaingia kwenye maji na maji yanaingia kwenye oili. Gari linaendelea kutembea vizuri, na hapo ndipo watu wanapoponzwa. Ule utando wa sahani za klachi umebandikwa kwa gundi. Maji yanaulowesha utando na kuidhoofisha gundi, na baada ya muda unaanza kubanduka.

Rejeta ni ya kubadilishwa, si ya kuchomelewa. Mabomba yasafishwe, oili imwagwe na kujazwa mara nyingi mpaka itoke safi, nyekundu, isiyo na ukungu. Kama limetembea hivyo kwa siku kadhaa, giaboksi ifunguliwe na sahani zibadilishwe, hata kama leo bado inaingia gia. Ukiweka rejeta mpya, fikiria kufunga kipoza oili cha pembeni kinachopozwa na upepo, ili maji na oili visikutane tena.

Na usikubali livutwe matairi yanayosukuma yakiwa yanazunguka barabarani. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye matairi, inazungusha giaboksi kutokea nyuma bila tone la oili kupanda. Lipakizwe juu ya lori jingine. Ikishindikana, na kama linasukuma kwa nyuma tu, propela ifunguliwe kwanza na ifungwe pembeni kwa waya, ndipo kamba ikazwe.